Magellan na ada isiyosubiri faida

Mwaka 2009 mfuko wa hisa wa Magellan, yaani fedha za watu wengi ambazo meneja wa kampuni ya Fidelity ya Boston huzinunulia hisa kwa pamoja, ulipanda takriban asilimia 41. Fahirisi ya S&P 500, kipimo cha hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani, ilipanda asilimia 26 na nusu, gawio (faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa) likiwemo. Ukiishia hapo utasema meneja kastahili kila senti anayolipwa. Lakini mwaka 2008 Magellan ulikuwa umeshuka takriban asilimia 49, na fahirisi 37. Aliyeuanza mwaka huo na dola 100 ndani ya Magellan alibaki na kama 51, na mwisho wa 2009 alikuwa na 71 na ushei. Mwenzake aliyekuwa kwenye mfuko unaofuata fahirisi tu alishuka hadi 63, kisha akafika karibu 80.

Ndiyo maana namwambia yeyote anayefanya kazi Marekani na kukatwa mshahara kwa ajili ya akiba ya uzeeni ya 401(k), ambayo huwekwa kwenye mifuko kama hii: kwenye orodha ya mifuko unayochagua, safu ya faida ya mwaka jana uiruke. Asilimia za kushuka na za kupanda hazilingani uzito. Aliyepoteza nusu anahitaji kupanda asilimia 100 ili arudi alipokuwa.

Sifa za Magellan zilijengwa na Peter Lynch, aliyeusimamia kuanzia 1977 hadi 1990 kwa wastani wa takriban asilimia 29 kwa mwaka. Rekodi hiyo ni ya kweli, lakini ina mambo mawili ambayo matangazo huyapita haraka. Kwanza, hadi 1981 mfuko haukuwa wazi kwa umma, kwa hiyo miaka ile ya mwanzo wananchi wengi hawakuionja. Pili, Lynch alianza na mfuko wa dola milioni 20 hivi na kuuacha ukiwa na bilioni 14. Chini ya waliomfuata ulivuka bilioni 100. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wanasema, ila hapa hata mgema mwaminifu angeshindwa. Chukua kampuni ndogo yenye thamani ya dola milioni 500. Mfuko wa bilioni 100 ukinunua asilimia 10 ya kampuni hiyo umeweka milioni 50. Hisa zile zikipanda mara mbili, mfuko mzima unapanda asilimia 0.05. Meneja wa mfuko mkubwa kiasi hicho analazimika kununua kampuni zilezile kubwa zilizomo kwenye fahirisi, na wewe unaendelea kulipa ada ya mtu anayechagua.

Kuhusu ada yenyewe, kwa miaka mingi Magellan ulikuwa na utaratibu unaovutia ukiusikia tu: matokeo yakiwa mazuri ada inapanda, yakiwa mabaya inashuka. Mfuko ulilinganishwa na S&P 500 kwa miezi 36 iliyopita. Kila pointi moja ya asilimia ya tofauti ilibadilisha ada kwa asilimia 0.02 kwa mwaka, na mwisho ni 0.20. Sasa piga hesabu. Mfuko ukiachwa nyuma kwa pointi 10 ndani ya miaka mitatu, mwenye dola 10,000 amekosa kama dola 1,000. Punguzo lake la juu kabisa ni dola 20 kwa mwaka, yaani 60 kwa miaka mitatu. Hiyo siwezi kuiita kugawana hasara. Hata hivyo ni afadhali kuliko mifuko mingi ambayo ada yake haitikisiki hata kidogo.

Ada ndogo huonekana ndogo kwa sababu huandikwa kama asilimia ya mwaka mmoja. Tuseme unaweka dola 300 kila mwezi kwa miaka 30, na hisa zinazaa asilimia 7 kwa mwaka kabla ya makato. Mfuko unaokata asilimia 0.05 kwa mwaka utakufikisha kwenye dola 362,000 hivi. Unaokata 1.00 utakufikisha 301,000. Tofauti ni zaidi ya dola 61,000, wakati jumla ya michango yako yote ni 108,000. Meneja anaweza kuifidia tofauti hiyo, lakini itambidi aipite fahirisi kwa karibu pointi moja kila mwaka kwa miaka 30 ili tu mtoke sare.

Msimamizi wa mpango wa 401(k) anatakiwa kukupa kila mwaka taarifa yenye faida ya kila mfuko kwa mwaka 1, miaka 5 na 10, fahirisi ya kulinganishia, na ada kwa asilimia na kwa dola kwa kila 1,000. Mimi huanza na safu ya miaka 10, kisha natafuta tarehe ambayo meneja wa sasa alianza kazi. Akiwa na miaka mitatu tu, rekodi ile kubwa ni ya mtu mwingine. Hakikisha fahirisi imehesabiwa pamoja na gawio, la sivyo mfuko umeshindanishwa na mkimbiaji aliyefungwa mguu. Gharama za kununua na kuuza hisa hazimo kwenye asilimia ya ada iliyoandikwa, kwa hiyo mfuko unaobadilisha hisa zake zote kila mwaka una makato mengine ambayo huyaoni.

Ukiamua kuhama, ndani ya 401(k) uhamisho hauleti kodi. Kosa la kawaida ni kubadilisha maelekezo ya michango ijayo na kudhani umemaliza, kumbe akiba ya miaka iliyopita imebaki kwenye mfuko uleule. Hayo ni maagizo mawili tofauti, na yote mawili uyatoe. Soma pia sharti la kurudi: mipango mingi inakuzuia kwa muda kuingia tena kwenye mfuko uliotoka, kwa hiyo usihame kwa majaribio.