Lehemu nzuri baada ya mshtuko wa moyo: iliharibika lini?

Mgonjwa ametoka wodini wiki tatu tu zilizopita. Karatasi ya maabara inaonyesha HDL yake, ile tuliyozoea kuiita lehemu (kolesteroli) nzuri, iko sawa, naye anashusha pumzi. Namwonea huruma, maana HDL ni chembe ya mafuta na protini inayobeba lehemu kwenye damu, na karatasi ile imepima kiasi cha lehemu kilichobebwa nayo tu. Kama HDL yenyewe bado inafanya kazi, haisemi.

Kazi hiyo ni kuchota lehemu kwenye seli zilizosheheni mafuta ndani ya kuta za mishipa na kuirudisha kwenye ini. Pia huikinga LDL, ile iitwayo lehemu mbaya, isiharibiwe na oksijeni, na huusaidia mshipa kulegea ili damu ipite. Yote hayo hutegemea protini zilizoizunguka chembe ya HDL, hasa ile iitwayo apoA-I.

Msuli wa moyo unapokosa damu na kuanza kufa, mwili mzima huingia kwenye mcharuko, yaani kinga ya mwili huwaka kama inavyofanya penye jeraha. Ini humwaga protini iitwayo amiloidi A ya seramu, ambayo katika siku chache huweza kupanda mara mamia. Protini hii hujipachika kwenye HDL na kuisukuma nje apoA-I. Chembe nyeupe za damu nazo huachia kimeng'enya cha mieloperoksidesi, na apoA-I iliyosalia hupata kama kutu, ikashindwa kupokea lehemu. Kwa wenye hoja hii, mshtuko ndio unaoiumiza HDL, tena saa ileile mgonjwa anapoihitaji.

Wengine wanasema kasoro huwa ipo siku nyingi kabla. Ushahidi wao mzuri ulitoka Dallas, Marekani, mwaka 2014. Watu wapatao 2,900 wasio na ugonjwa wa moyo walipimwa uwezo wa HDL yao kuchota lehemu, kisha wakafuatiliwa kwa miaka 9 hivi. Robo iliyokuwa na uwezo mkubwa zaidi ilikuwa na hatari ya maradhi ya moyo na mishipa iliyo ndogo kwa asilimia 67 kuliko robo ya chini, hata baada ya kuzingatia kiwango cha HDL. Damu ile ilichukuliwa kabla ya mshtuko wowote. Hapo mshtuko hauna pa kulaumiwa.

Naamini yote mawili hutokea. Ila hoja ya kwanza imewekwa kwenye mizani ya tiba, na haikutoka vizuri. Kama mshtuko unampokonya mtu HDL iliyo hai, basi kumwongezea apoA-I mpya kungemwokoa. Ndivyo lilivyofanya jaribio la AEGIS-II: zaidi ya wagonjwa 18,000 waliotoka kupata mshtuko, wengine wakipewa dripu ya apoA-I mara moja kwa wiki kwa wiki 4, wengine dripu isiyo na dawa. Matokeo yalitoka 2024. Ndani ya siku 90, waliokufa kwa moyo, waliopata mshtuko mwingine au kiharusi walikuwa asilimia 4.8 kwa waliopewa dawa na 5.2 kwa wenzao, tofauti ambayo huenda ni bahati tu.

Mtetezi atasema apoA-I mpya iliingia kwenye damu ileile yenye mcharuko, nayo ikaharibiwa. Hoja hiyo naiheshimu, na inastahili utafiti wake. Lakini kuna somo la zamani pia: mwaka 2006 jaribio la torcetrapib, dawa ya kupandisha HDL, lilisimamishwa kwa sababu, ingawa HDL ilipanda kwa asilimia 72, vifo viliongezeka. Dawa ile ilipandisha na shinikizo la damu, kwa hiyo lawama zote haziangukii HDL. Hata hivyo ilionyesha kwamba namba kubwa si kinga kubwa.

Kipimo cha uwezo wa HDL bado kinafanyika kwenye maabara za utafiti, mara nyingi kwa kutumia seli hai. Mgonjwa wetu hatakipata. Kwenye karatasi yake ningemwomba ashuke hadi mstari wa LDL, kwa kuwa huko dawa zina ushahidi: mwaka 1994, kati ya wagonjwa wa moyo 4,444 wa nchi za Skandinavia, waliokufa katika miaka 5 na ushei walikuwa asilimia 12 kwa wasiopewa simvastatini, dawa ya kushusha LDL, na 8 kwa waliopewa.