Miaka Ambayo Cicely Tyson Hakuonekana

Wanaomsifu Cicely Tyson, mwigizaji mweusi wa Marekani, huanza na urefu wa safari yake: zaidi ya miaka 60 katika uigizaji, kuanzia kumbi ndogo za New York hadi filamu na televisheni, karibu mpaka siku alipofariki tarehe 28 Januari 2021 akiwa na umri wa miaka 96. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini nadhani inaficha jambo kubwa, kwa sababu inaunganisha nyakati ambazo hazikuungana. Kati ya kazi moja na nyingine palikuwa na mapengo, mengine marefu mno. Baada ya tamthilia ya The Corn Is Green mwaka 1983, hakuonekana tena Broadway, yaani kwenye kumbi kuu za tamthilia za New York, mpaka mwaka 2013. Si mapengo yote aliyoyataka, maana wakuu wa maonyesho wa Marekani hawakuwa na haja kubwa ya mwanamke mweusi mwenye umri mkubwa. Hata hivyo, mengine aliyatengeneza mwenyewe, kwa kukataa kazi alizopewa, na mimi naamini kwamba miaka hiyo aliyokaa nyumbani inastahili kuhesabiwa ndani ya kazi yake, wala si nje yake.

Alizaliwa New York tarehe 19 Desemba 1924, mtoto wa wahamiaji waliotoka kisiwa cha Nevis katika Karibi, akakulia Harlem, mtaa wa watu weusi wa jiji hilo. Mama yake alikuwa mtumishi wa nyumbani na mcha Mungu wa kweli, ambaye aliona sinema kuwa pango la dhambi na hakuwaruhusu watoto wake kuingia humo. Msomaji aliyelelewa katika nyumba ya ibada hahitaji kuelezwa mama huyo ni wa namna gani. Cicely aliimba kwaya, akapiga piano kanisani, akawa mpiga chapa ofisini na baadaye mwanamitindo. Alipotangaza kwamba anataka kuigiza, mama yake alimwambia aondoke nyumbani, na kwa muda mrefu wawili hao hawakuzungumza. Kwa hiyo binti huyu alianza kazi yake akiwa tayari amelipa gharama ambayo wengi hawailipi hata mwishoni, na nadhani ndiyo maana baadaye hakuwa tayari kuigiza chochote tu ilimradi alipwe.

Mwaka 1961 aliingia katika tamthilia ya The Blacks, iliyokusanya waigizaji ambao wengi wao walikuja kuwa vigogo, wakiwemo James Earl Jones na Maya Angelou, na ambayo ilionyeshwa zaidi ya mara 1,400. Miaka miwili baadaye, katika mfululizo wa televisheni wa East Side/West Side, alicheza kama katibu katika ofisi ya ustawi wa jamii, akiwa na nywele zake za asili, fupi, bila dawa wala wigi. Leo jambo hilo linaweza kuonekana dogo. Wakati ule mwanamke mweusi hakuonekana hivyo kwenye televisheni ya Marekani, na Tyson alisimulia kwamba wasusi walimwandikia barua za kulalamika, wakisema wateja wao wameacha kunyoosha nywele kwa sababu yake. Napenda sana habari ya barua hizo, kwa kuwa zinaonyesha kwamba kichwa cha mwigizaji mmoja, kikionekana kila wiki sebuleni, kinaweza kubadilisha jinsi maelfu ya wanawake wanavyojitazama kwenye kioo.

Kisha ikaja filamu ya Sounder mwaka 1972. Alikuwa Rebecca, mke wa mkulima maskini wa Louisiana anayelima shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno, na ambaye mumewe anafungwa kwa kuiba nyama ili watoto wapate kula. Mume anaporudi, Rebecca anamwona kwa mbali akichechemea barabarani, naye anatimua mbio kumlaki, mikono mbele, sauti ikimpasuka. Kwa mbio hizo peke yake angestahili tuzo yoyote. Aliteuliwa kuwania Oscar lakini hakuipata. Lililombadilisha, kwa maelezo yake mwenyewe, ni mwandishi mmoja mzungu aliyekiri baada ya kuitazama filamu hiyo kwamba alikosa raha kumsikia mtoto mweusi akimwita baba yake kwa jina lilelile ambalo mwanawe mwenyewe humwita yeye. Mtu huyo alikuwa hajawahi kufikiri kwamba watu weusi nao ni baba na mwana. Tyson akaamua kwamba hawezi kuwa mwigizaji tu, na kwamba kila atakachokubali kukicheza kitakuwa jibu kwa watu wa aina ile.

Uamuzi huo ulikuja katika wakati mgumu. Miaka ya 1970 Hollywood ilikuwa imegundua kwamba filamu za bei nafuu kuhusu wahalifu weusi, walanguzi wa dawa za kulevya na makahaba zinaleta fedha, na waigizaji wengi weusi walipata riziki humo. Siwalaumu, maana njaa ni njaa. Lakini Tyson alikataa, na aliyekataa nafasi hizo hakupewa nyingine badala yake, alikaa akisubiri.

Alichosubiri kilikuwa nafasi kama ile ya Jane Pittman. Mwaka 1974, katika filamu ya televisheni iliyotokana na riwaya ya Ernest Gaines, alimcheza mwanamke aliyezaliwa utumwani akaishi mpaka enzi ya harakati za haki za kiraia, akiwa na umri wa miaka 110. Alitembelea wazee katika makazi yao ili ajifunze jinsi wanavyokaa, wanavyopumua na wanavyoyatafuta maneno. Mwishoni Jane anakwenda polepole, na mkongojo wake, mpaka kwenye bomba la maji lililotengwa kwa ajili ya wazungu, huku askari wakimtazama. Anainama, anakunywa, kisha anageuka na kuondoka. Hakuna hotuba, na Tyson haharakishi hata hatua moja. Mwigizaji mwingine angetuonyesha ushujaa. Yeye alituonyesha kikongwe mwenye kiu, na kwa hiyo ushujaa ukawa mzito zaidi. Alipata tuzo mbili za Emmy, zinazotolewa kwa kazi za televisheni.

Baadaye alikuwa Binta, mama yake Kunta Kinte, katika Roots, mfululizo wa televisheni kuhusu utumwa, akawa pia Coretta Scott King, mke wa Martin Luther King, na Harriet Tubman, mwanamke aliyewatorosha watumwa. Wapo waliosema kwamba orodha hiyo imejaa wanawake watakatifu mno, na kwamba heshima nayo inaweza kuwa kifungo. Hoja hiyo ina uzito, lakini naona inawafaa zaidi walioandika miswada kuliko yeye. Mtazame alipokuwa na miaka 90, katika mfululizo wa televisheni wa How to Get Away with Murder, akiwa Ophelia, mama wa wakili aliyechezwa na Viola Davis. Amekaa nyuma ya binti yake, anamchana nywele, na huku kitana kikipita anamfunulia kwamba ni yeye aliyeichoma nyumba yao miaka mingi iliyopita, pamoja na mjomba aliyemnajisi mtoto wake. Hapo hakuna mtakatifu, ila mama mwenye hasira iliyokaa miaka mingi kifuani.

Mwaka 2018 alipewa Oscar ya heshima, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, miaka 45 baada ya uteuzi wake wa pekee. Nilifurahi, na pia niliudhika, kwa sababu deni linalolipwa mwenye haki akiwa na umri wa miaka 93 limechelewa mno.

Tuzo ninayoithamini zaidi ni Tony, tuzo ya tamthilia za Broadway, ya mwaka 2013. Katika miaka ya 1980 alikuwa ameitazama filamu ya The Trip to Bountiful, akamwambia wakala wake amtafutie kazi kama ile naye angestaafu kwa amani. Alisubiri zaidi ya robo karne. Hatimaye, akiwa na miaka 88, alipanda Broadway katika tamthilia ya hadithi hiyohiyo, kama Carrie Watts, bibi anayetoroka kwa mwanawe ili akaone tena kijiji alikozaliwa, na katikati ya safari hiyo, kwenye kituo cha basi, anaimba ule wimbo wa kanisa ambao waimbaji wa Tenzi za Rohoni wanaujua kwa maneno “Ndiyo dhamana”. Binti wa kwaya aliyefukuzwa nyumbani kwa sababu ya maonyesho sasa alikuwa jukwaani akiimba wimbo wa ibada, na usiku baada ya usiku watu walioketi gizani, bila kuombwa na mtu yeyote, waliupokea na kuuimba pamoja naye.