Daraja Letu Limekosa wa Kuliulizia

Siku mbunge wetu alipoteuliwa kuwa Naibu Waziri nilichinja jogoo, na jogoo yule ninamjutia hadi leo. Kijiji kizima kilishangilia. Hata mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kufurahia jambo lolote lililotokea upande wetu wa mto, alipiga vigelegele huko kwake ng'ambo nasi tukavisikia vizuri, kwa kuwa sauti ndicho kitu pekee kinachovuka mto huo wakati wa masika bila kulipa. Wengine wote wakati ule walibebwa mgongoni na vijana kwa shilingi 1,000, na mwenye baiskeli alilipia migongo miwili.

Tuliona mambo yamekwisha, daraja tumelipata. Katiba inataka mawaziri na manaibu wao watoke miongoni mwa wabunge, na katika ukumbi mzima ule wa Dodoma aliyeonekana ni wa kwetu, mtu aliyefanya kampeni zake za kwanza akiwa amekunja suruali hadi magotini, viatu mkononi, akiapa katikati ya maji kwamba hatavuka tena namna hiyo. Katika hilo nakiri alisema kweli, maana tangu achaguliwe hajavuka kabisa.

Kabla ya bahati hiyo kutushukia, alikuwa bingwa wa maswali. Bunge la bajeti lilipoanza kila mwezi wa Aprili, nilikuwa nikiketi chini ya mwembe na redio yangu asubuhi, wakati wa maswali, nikijua fika kwamba atasimama. Alikuwa akiuliza swali la msingi, akijibiwa, kisha akisimama tena kwa yale mawili ya nyongeza anayoruhusiwa, ambayo yote yalikuwa ni lile la kwanza lililobadilishwa nguo. Mwaka mmoja alijibiwa kwamba barabara yetu ni ya wilaya, hivyo aliyeulizwa hahusiki, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba barabara kuu na za mkoa zina wenyewe, za wilaya zina wenyewe, na ni mto peke yake usiojali unakatiza ya nani. Mwaka uliofuata aligonga mlango uliostahili akapewa jibu kamili: Serikali inatambua umuhimu wa daraja hilo, na italijenga kadiri fedha zitakavyopatikana. Sentensi hiyo tuliipenda sana. Mwalimu mmoja mstaafu aliinakili kwenye daftari ili tuwe na ushahidi.

Sisemi kwamba sisi wapiga kura hatuna lawama. Mfuko wa jimbo, ambao sheria ya mwaka 2009 inamfanya yeye mwenyewe kuwa mwenyekiti wa kamati yake, tuliuvuta kila kata upande wake hadi ukaisha kwa mifuko michache ya saruji huku na mabati machache kule. Simu yake nayo hatukuipa nafasi ya kupumua, kwa sanda, ada, jezi na nauli za wagonjwa. Mimi mwenyewe nilimwomba mabati mara mbili, na mara ya pili nilitumia jina la shemeji yangu.

Basi, Aprili ya kwanza baada ya uteuzi ikafika. Nikawaita majirani, redio ikawashwa, na kweli tukamsikia Mheshimiwa wetu amesimama. Kumbe amesimama kujibu. Mbunge wa jimbo ambalo sijui hata liko kona gani ya nchi alikuwa ameulizia daraja la kwao, naye wa kwetu akakohoa kidogo, akasema kwamba Serikali inatambua umuhimu wa daraja hilo, na italijenga kadiri fedha zitakavyopatikana. Mwalimu alifungua daftari kuhakiki, akatutangazia kwamba hata mkato ameuweka palepale.

Alipokuja ziara wakati wa kiangazi nilimfuata.

"Mheshimiwa, mbona hutuulizii tena?"

"Mzee wangu, mimi sasa ni Serikali. Siwezi kusimama nikajiuliza mwenyewe."

Nikamwambia kwamba kama yeye ndiye Serikali, basi ajenge. Akanieleza kwa upole kwamba akianza na kwao wenzake watasema anajipendelea. Nilirudi nyumbani nikihesabu: alipokuwa mbunge wa kawaida angeweza kuuliza lakini asingeweza kujenga, na sasa amepanda cheo, hawezi kujenga wala kuuliza. Sijui ni kazi gani nyingine ambayo mtu hupandishwa cheo hadi akawa bubu.

Wazee tukapata wazo ambalo mpaka sasa naona halikuwa baya. Tulimwomba mbunge wa jimbo jirani atuulizie. Muungwana yule akakubali, akaliulizia daraja letu kwa uchungu kuliko tulivyotarajia, na aliyesimama kumjibu alikuwa mbunge wetu. Alisema sentensi yote, kisha akampongeza mwenzake kwa jinsi anavyofuatilia kwa karibu maendeleo ya wananchi wale. Wananchi wale ni sisi.

Mwaka huu uteuzi wake ulitenguliwa. Alikuja kwangu bila msafara, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka, akasema amerudi kwetu. Sikuchinja kitu. Vijana wa mtoni walikuwa wamepandisha nauli hadi shilingi 1,500, nao hawakungoja hata fedha zipatikane.

Aprili alisimama tena. Aliuliza swali la msingi, na Naibu Waziri mpya, kijana mwenye sauti nzuri, akamjibu kwa sentensi tunayoijua. Tukasubiri maswali ya nyongeza. Redio ilikaa kimya kidogo, kisha Mheshimiwa wetu, kwa sauti ile ya kampeni za katikati ya maji, akauliza hizo fedha zitapatikana lini hasa, tarehe ngapi.

Mwalimu akafunga daftari. Akasema, "Huyu sasa amepona."