Miaka 19 Barabarani, Nyota Sifuri

Mimi ni dereva wa Probox, gari dogo la kubebea abiria, kati ya Nakuru na Njoro, na kwa miaka 19 nimeshika usukani bila kugonga mtu, ng'ombe wala nguzo ya stima. Ninaanza na jambo hilo ili msomaji afahamu ni mtu wa aina gani aliyeaibishwa Jumamosi usiku, sebuleni mwake mwenyewe, mbele ya mkewe, watoto wake na mpwa aliyemaliza kidato cha nne juzi tu.

Mpwa huyo alikuja kututembelea akiwa na nguo mbili na PlayStation 5 moja, mashine ya kuchezea michezo ya video kwenye runinga. Aliniambia, "Mjomba, wewe ni dereva, mchezo huu utaupenda." Mchezo wenyewe ni Forza Horizon 5, wa mbio za magari katika nchi ya Meksiko, ambapo mtu halazimiki kufuata njia aliyochorewa bali anazurura apendavyo, milimani, jangwani na ufukweni. Waliouunda ni Playground Games wa Uingereza. Ulitoka Novemba 2021 kwa wenye Xbox na kompyuta, ukawafikia wenye PlayStation Aprili 2025. Nakuru nayo ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, kwa hiyo mchezo na jiji letu ni rika moja, ingawa nikilinganisha barabara za huku na za kule naona wazi kuwa kuna mtoto aliyenyonyeshwa kuliko mwenzake. Una uzito wa zaidi ya gigabaiti 100, na kwa waifai ya jirani, ambayo niliilipia mimi kwa sababu mgeni hatozwi, ulishuka kuanzia Jumatano hadi Jumamosi.

Unapofunguka, gari aina ya Ford Bronco linadondoshwa kutoka ndegeni na kuangukia ubavuni mwa volkeno iitwayo La Gran Caldera. Kijana alinitazama aone kama nimeshtuka. Mtu anayelala chini ya Menengai hashtushwi na volkeno. Kilichonishtua ni kwamba nilitakiwa kuuteremka mlima ule bila kugusa breki, na mara moja nikayakumbuka malori ya mteremko wa Salgaa ambayo madereva wake waliyateremsha kwa fri, yaani bila gia, ili kuokoa dizeli, na sote tunajua yalikoishia. Muda mfupi baadaye likatokea tufani la vumbi, naye akasimamisha mchezo ili nilistaajabie. Nilimjibu kwamba jina la Nakuru lenyewe husemekana kutoka kwa Wamaasai, likimaanisha mahali pa vumbi, na kwamba akitaka kulitazama bure angoje Februari afungue dirisha.

Kisha nikaambiwa nichague gari la kwanza kati ya Corvette, Bronco na Toyota Supra. Nilichagua Toyota bila kufikiri mara mbili, kwa kuwa vipuri vyake havisumbui. Kijana akacheka, akasema humo hakuna anayenunua vipuri kwa sababu ya kuharibikiwa, maana gari likigonga ukuta wa mawe ni ukuta unaovunjika. Nilitafuta indiketa, nikaambiwa haipo. Nilitafuta geji ya mafuta nijue tutafika wapi, nikaambiwa mafuta hayaishi. Hapo nilinyamaza kwa muda, kwani sisi wengine kila tarehe 14 ya mwezi hungoja kutangazwa kwa bei ya petroli kama wazazi wanaongoja matokeo ya mtihani.

Niliingia barabarani, nikashika kushoto kama nilivyofundishwa, na kabla sijatimiza nusu kilomita nikawa nimekutana uso kwa uso na lori, kwa kuwa Wameksiko huendesha kulia. Kijana alibonyeza kitufe fulani, na muda ukarudi nyuma: lori likajiondoa, kioo kikajiunga, Supra yangu ikarudi ilipokuwa. Nilimwomba anieleze kitufe hicho mara tatu. Si kwamba sikuelewa. Nilikuwa nikiifikiria ile siku niliyomwamini dalali aliyeniapia kwamba giaboksi ilikuwa nzima.

Hata hayo ningeyastahimili kama si kamera. Mbele yangu niliona kamera ya mwendo kasi, nami, kwa heshima ya sheria inayomtaka dereva asizidi kilomita 50 kwa saa mjini na gari la abiria lisizidi 80 popote, nikapunguza hadi 50, nikanyoosha mgongo, nikapita kwa adabu kama mtu anayeingia matangani. Sebule nzima ilipiga kelele. Kumbe huko kamera haimtozi mtu faini, bali humtunuku nyota, kuanzia moja hadi tatu, kadiri alivyopita kwa kasi. Mimi sikupata hata moja. Mama watoto, ambaye hajawahi kumiliki leseni na ambaye tangu tuoane hajaingia garini mwangu bila kusema "polepole, Baba", aliipokea padi ya kuchezea, akafumba jicho moja, akapita hapo hapo na kupata nyota tatu. Tangu wakati huo ameacha kuniambia polepole. Ananiambia tu nimpishe.

Nilipouliza ni makosa gani mengine yanayolipwa, nilisomewa orodha ndefu. Kuteleza kwa ubavu kwenye kona kunalipwa. Kurusha gari kutoka kwenye kilima kunalipwa. Kuvunja ua wa shamba la mtu kunalipwa, ilhali hapa Njoro ukiangusha kigingi kimoja cha ua utakalishwa kikao na wazee na huenda ukarudi nyumbani kwa miguu. Lililoniuma zaidi ni kwamba hata kumkosakosa mwenzako, ukampita karibu nusura mgusane, kunalipwa pointi. Basi yule kijana wa matatu ambaye kila asubuhi hunipita konani akiniachia nafasi ya kupenyeza karatasi, na ambaye nimemlaani kwa lugha zote ninazozijua, nilikuwa nikimwonea bure. Yeye anakusanya pointi zake. Mimi ninayebeba abiria wanne tu kwa mujibu wa sheria, na wa tano akiwa mwembamba, ndiye niliyepotea njia.

Nitakuwa mwongo nikisema kwamba hakuna kilichonipendeza. Kuna mji uitwao Guanajuato, wenye nyumba za rangi zote zilizopanda mlimani na barabara zinazopita chini ya ardhi, na mji huo upo kweli huko Meksiko, si wa kubuni. Watoto walipolala, niliichukua padi, nikaiendesha Supra hadi huko taratibu, upande wa kulia, nikaiegesha vizuri pembezoni mwa barabara, nikapiga honi mara mbili.

Baada ya kama dakika kumi, kijana alitoka chumbani kunywa maji, akaitazama runinga, akanitazama mimi.

"Mjomba, mbona umesimama? Unangoja nini?"

"Ninangoja lijae."