Dereva anayejaza mashine hajatajwa

Makala niliyosoma inasema mashine za kuuza vinywaji zinapungua Japani kwa kuwa watu wamehamia madukani. Sawa, lakini bei mwandishi wake ameigusa juujuu. Miaka ya 1980 kopo lilikuwa yeni 100: unatumbukiza sarafu moja, unaondoka zako. Kodi ya mauzo ilipopanda kutoka asilimia 5 hadi 8 mwaka 2014, kopo la yeni 120 likawa 130. Leo chupa ya nusu lita inacheza kwenye 200, na supamaketi ya ng'ambo ya barabara chupa ileile ni rahisi mno. Nani alipe?

Halafu kuna gharama ambazo mnywaji hazioni. Sarafu mpya ya yeni 500 ilitoka 2021, noti mpya zikafuata Julai 2024, na kila mara sehemu ya kusomea pesa inabidi ibadilishwe. Karibu na gereji ninapofanya kazi ipo mashine moja imebandikwa karatasi mpaka leo: noti mpya hazipokelewi. Dereva anayeijaza zamani alikuja na msaidizi. Siku hizi yuko peke yake, anashusha makasha huku anatweta, hata salamu anaitikia kwa kichwa.

Wanaosema mashine hizi zitatoweka kabisa wanatia chumvi, maana bado zipo karibu milioni 2. Za stesheni na viwandani hazina wasiwasi. Zinazong'olewa ni za vichochoroni na vijijini, ambako duka liko mbali na mzee akitaka chai ya moto ya kopo usiku wa Januari hana pengine pa kuipata.