Dakika 40 kwa askari, saa nzima na nusu dukani

Jamani, hizi ziara za kikundi! Nimefika Xi'an, mji uliokuwa makao ya wafalme wa China enzi na enzi, halafu naswagwa kama mbuzi nyuma ya kibendera cha njano. Kiongozi na kipaza sauti chake: "Twende, twende, basi linasubiri!"

Kwenye Jeshi la Udongo, zile sanamu za kale za askari zilizofinyangwa kwa udongo, tulipewa dakika 40. Wale askari walikaa ardhini zaidi ya miaka 2,000, hadi wakulima waliokuwa wakichimba kisima mwaka 1974 walipowagundua. Kila mmoja na sura yake. Mimi nilichoona ni visogo vya watu na simu zilizoinuliwa. Nikajipenyeza hadi ukingoni, nikamwona mmoja tu vizuri, kafunga nywele fundo upande wa kulia, mara nikavutwa mkono.

Ukuta wa mji, kilomita 13 na ushei, tuliutazama dirishani. Msikiti Mkuu, ule wenye paa za vigae za Kichina, ndio niliokuwa nautamani kuliko vyote. Eti muda hautoshi.

Lakini duka la vito vya jade? Saa nzima na nusu! Mlango wa kutokea uko mwisho kabisa, lazima upite kila kabati. Muuzaji akanivisha bangili, ikagoma kuvuka kiganja, ikabidi iletwe sabuni. Kiongozi wetu kakaa pembeni anakunywa chai, hana haraka hata chembe. Na basi, ajabu, sasa likawa linaweza kusubiri.