Mtunza Bustani Hakuugusa Ule Moyo

Kila baada ya miezi kadhaa ujumbe ule hunirudia kwenye simu, na mara nyingi anayeutuma ni mtu ninayemheshimu. Unasema Hamilton Naki, mtunza bustani mweusi wa Afrika Kusini, ndiye aliyeutoa moyo wa marehemu Denise Darvall ule usiku wa Desemba 1967, ili Daktari Christiaan Barnard aupandikize kifuani mwa Louis Washkansky, upandikizaji wa kwanza duniani wa moyo wa mtu kwa mtu. Eti serikali ya makaburu ikaifanya siri kwa miaka. Mwishoni kuna alama za mshangao kama kumi hivi, na amri: sambaza.

Nami niliwahi kuusambaza, tena kwa mbwembwe, nikachomekea na maneno yangu mawili matatu juu ya vipaji vinavyodharauliwa. Kumbe si kweli. Naki hakuwamo katika chumba cha upasuaji cha hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, usiku ule. Alipofariki Mei 2005, magazeti makubwa ya nje yaliichapa habari hiyo kwenye tanzia zake, kisha yakalazimika kujisahihisha. Masahihisho, kama kawaida yake, hayakufika mbali.

Kinachonikera ni kwamba kisa cha kweli kinashinda hicho cha kupikwa, na sisi ndio tunaokifukia.

Naki alizaliwa mwaka 1926 kijijini Ngcingane, katika eneo la Transkei. Shule aliiacha akiwa na miaka 14 hivi, akashika njia ya Cape Town kutafuta kibarua. Akakipata Chuo Kikuu cha Cape Town: kukata nyasi, kusawazisha viwanja vya tenisi. Angeweza kuzeekea hapo hapo na asijulikane na mtu. Lakini mwaka 1954 Profesa Robert Goetz alikuwa na twiga maabara.

Ndiyo, twiga. Goetz alikuwa akisumbuliwa na swali ambalo mtoto yeyote anaweza kuuliza: mnyama mwenye shingo ile anainamaje kunywa maji, halafu akanyanyua kichwa ghafla bila kuanguka chini kwa kizunguzungu? Msukumo wa damu ya twiga ni karibu mara mbili ya wetu. Kichwa kikishuka, damu ingepaswa kufurika ubongoni. Kikipanda, ubongo ungepaswa kukaukiwa. Ili kulichunguza hilo ni lazima mnyama alazwe kwa dawa ya usingizi, na lazima apatikane mtu wa kumshika. Wakatazama nje, wakamwona mtu wa bustani mwenye mikono yenye nguvu. Hakuna aliyemuuliza cheti.

Hapo ndipo ninapopenda kusimama, kwa sababu mlango haukufunguliwa na ndoto wala juhudi, maneno tunayowahubiria vijana kwenye mahafali. Ulifunguliwa na upungufu wa mikono siku moja ya kazi. Juhudi zilikuja baadaye, na zilikuwa za kimya kabisa: kuosha vizimba, kupima wanyama uzito, kuwanyoa manyoya kabla ya kupasuliwa. Kisha kuwapa dawa ya usingizi. Kisha kushona. Kila hatua ilihitaji pia mtu wa kumwachia kisu aendelee, na watu hao walikuwapo. Baada ya Goetz alifanya kazi katika maabara ya Barnard, halafu na Daktari Rosemary Hickman kwenye utafiti wa kupandikiza maini kwa nguruwe.

Kupandikiza ini si mchezo. Mshipa mkubwa wa damu unaoingia humo ni laini kama karatasi iliyolowa. Ukikaza uzi kidogo kupita kiasi, unachanika. Ukilegeza, damu inachuruzika katikati ya mishono. Kazi ikiisha vibanio hufunguliwa, na kila mtu hukaza macho kungoja lile ini lililopauka lianze kurudisha wekundu. Madaktari waliosoma miaka mingi walijifunza kazi hiyo kwa kutazama vidole vya mtu aliyeishia shule ya msingi. Barnard mwenyewe, uzeeni, alikiri kwamba kwa ufundi wa mikono Naki alimzidi.

Sasa linganisha. Hadithi ya kutunga inahitaji usiku mmoja wa muujiza na genge la watu wa kuficha siri. Ya kweli ina miaka 37, na hakuna aliyeficha kitu. Jengo zima lilijua. Aliyefundishwa naye alijua, aliyemsimamia alijua. Alipostaafu mwaka 1991, alilipwa pensheni ya mtunza bustani. Kwangu hilo linaumiza kuliko njama yoyote, maana njama ina wahalifu wachache wa kunyooshewa kidole. Humu kuna watu wengi waungwana tu, waliomsalimia kila asubuhi.

Wala si Afrika Kusini peke yake. Kule Marekani, Vivien Thomas alikuwa fundi seremala mwenye akiba ya kusomea udaktari. Benki ikaanguka mwaka 1930, akiba ikaenda nayo. Akaajiriwa na Daktari Alfred Blalock kufanya utafiti wa maabara, huku kwenye vitabu vya mishahara akihesabiwa kama mfagizi. Yeye chumbani alikuwamo kweli: Novemba 29, 1944, katika hospitali ya Johns Hopkins, alisimama juu ya kigoda nyuma ya bega la Blalock, akimwelekeza namna ya kuunganisha mishipa ya mtoto aliyezaliwa na hitilafu ya moyo. Upasuaji ule ukapewa jina la Blalock na la Daktari Helen Taussig. Thomas alipata udaktari wa heshima mwaka 1976. Naki naye alivishwa joho na Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 2003, shahada ya heshima ya uzamili katika tiba, miaka 12 baada ya kustaafu. Mambo ya heshima yana tabia ya kuchelewa mpaka yasiwe na gharama.

Siku hizi ujumbe ule ukinifikia sibishani. Namuuliza tu aliyeutuma kama anamjua yule twiga. Wengi hunyamaza. Juzi mjomba wangu alijibu, "Twiga gani tena, mwanangu?" Nikampigia simu.